Allion Yetu na Springi Zilizokatwa

Nyumba yenye gari moja huwa na mabwana wengi juu ya gari hilo. Mume wangu analitaka limfikishe kazini. Mimi nalitaka libebe mzigo wa duka. Watoto wanalitaka siku za kutembea, mama mkwe analitaka anapougua, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayeishi nasi, analitaka lipendeze machoni pa watu. Kila mmoja ana haki yake. Kijana asiye na familia hukata shauri la kushusha gari peke yake, papo hapo gereji. Kwetu Handeni shauri hilohilo liligeuka kesi. Ilianzia sebuleni, ikaenda Korogwe, ikamkuta mama mkwe kijijini, na mwisho ikaamuliwa kwa madumu ya maji.

Gari lenyewe ni Toyota Allion ya cc 1,500, toleo la kwanza, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2001. Mimi nina duka la sare za shule hapa Chanika, na vitambaa navifuata Korogwe, pale Manundu, kilomita 65 za lami. Kazi ya mume wangu inampeleka mara kwa mara upande wa Kilindi, kwenye vumbi na makorongo. Kisha kuna maji. Aliyekulia Handeni hahitaji kuelezwa: bomba likikauka, buti linafunguliwa, madumu ya lita 20 yanapangwa mpaka kwenye kiti cha nyuma, na gari linaelekea kisimani.

Chanzo cha yote kilikuwa shokapu. Ukikanyaga tuta, gari lilipanda na kushuka, likapanda tena, ndipo litulie. Kwenye kona za kushukia Korogwe lililala upande mpaka watoto wakaangukiana. Fundi alichungulia nyuma ya tairi la mbele akatuonyesha shokapu imelowa oili kutoka juu hadi chini. Akasema zote nne zimekwisha, na springi nazo zimechoka, kwa hiyo tukinunua tununue vyote pamoja.

Hapo ndipo baraza lilipokaa, maana gari likishafunguliwa miguu yote minne, kila mtu anaona nafasi ya kupata alichokuwa akikitamani.

Mume wangu alitaka kulinyanyua. Hiyo ndiyo desturi ya nchi yetu. Magari haya yametengenezwa kwa barabara za Japani, na yakifika kwetu mafundi huyawekea spesa juu ya shokapu ili yasigonge chini. IST, Raum, Spacio na Premio nyingi unazoziona zimesimama juu kupita asili yake zimefanyiwa hivyo. Hoja yake ilikuwa nzito: yeye ndiye anayekwenda Kilindi, na yeye ndiye anayejua mawe ya huko.

Shemeji alitaka kulishusha, na haki yake nitaisema kama alivyoisema mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hoja ya kitoto. Alisema gari lililo chini halilali kwenye kona, kwa kuwa uzito wake uko karibu na ardhi. Alisema lile pengo kati ya tairi na madigadi linaifanya Allion ionekane imeazima matairi. Akatusimulia habari za Marekani, jinsi vijana wa California wenye asili ya Meksiko walivyoyapenda magari yaliyolala chini hata jimbo likaweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1958, kwamba hakuna sehemu ya gari inayoruhusiwa kuwa chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja aitwaye Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake, akawa analilaza gari anapotaka na kuliinua anapomwona askari. "Kaka," akamwambia mume wangu, "watu wametoka mbali na mapenzi haya. Huu si uhuni."

Nilimwamini kwamba si uhuni. Mtu anayependa gari lake likae vizuri ana macho ya uzuri, na uzuri ni kitu halali ndani ya nyumba. Ombi langu lilikuwa jingine: kabla hatujanunua chochote, tukubaliane gari hili litabeba nini. Hatukukubaliana. Mume wangu akasafiri kikazi, mimi nikaenda msibani Tanga, na fedha za shokapu zikabaki na shemeji, akiwa na maagizo ya kufunga shokapu mpya na springi za kawaida huko Korogwe.

Niliporudi nilikuta gari uani. Siwezi kusema uongo: lilipendeza. Madigadi yalikuwa yamefunika juu ya matairi. Rimu zilikuwa za inchi 17, za kuazima kwa rafiki, na mstari wa bodi ulinyooka kutoka taa hadi taa. Watoto walilizunguka wakishangilia. Hata jirani yetu, mzee asiyependa makuu, alisimama kulitazama.

Nikamuuliza shemeji amenunua springi gani. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba springi ni zilezile. Fedha alizitia kwenye shokapu mpya za kawaida, na zilizobaki hazikutosha springi fupi za kiwandani. Fundi mmoja akamwambia zipo njia rahisi, akachukua grainda, akakata duru moja na nusu kila springi.

Maisha ya gari hilo yakabadilika tangu juma lile. Tuta la mbele ya shule, ambalo tulikuwa tunalivuka bila kulifikiria, likawa la kuvukwa mshazari, tairi moja moja, abiria wakiwa wameshushwa. Zile rasta za barabarani, zinazopangwa kuamsha madereva kabla ya kuingia kijijini, zilipanda mpaka kwenye meno. Nikipakia majora ya vitambaa Manundu, nyuma ya gari ilikaa kitako, pua ikatazama juu. Nikirudi Handeni jioni, kila dereva niliyepishana naye alinipiga taa kali, akidhani nimewasha zangu, kumbe taa zangu za kawaida ndizo zilizokuwa zinamulika machoni mwake. Haukupita muda, fundi wa matairi akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la mbele, akanishika mkono nami nipitishe. Nje ya tairi kulikuwa na kashata nzima. Ndani palikuwa laini, na nyuzi zilikuwa zinakaribia kutokeza.

Mume wangu aliporudi alikasirika, kisha akanyamaza. Ni ndugu yake, na kosa limeshatendeka. Tukasema tutalitumia taratibu hadi fedha zipatikane.

Ugonjwa haukusubiri fedha. Mama mkwe anaishi katika kijiji kilicho ndani, upande wa Sindeni. Unaiacha lami ya Handeni na Korogwe, unaingia njia ya udongo yenye kalvati na mifereji iliyochimbwa na mvua za masika. Jicho lake lilikuwa limevimba na alitakiwa kufika hospitali Korogwe asubuhi. Tulikwenda kumchukua mimi, mume wangu na shemeji. Kwenda tulifika, kwa sababu gari lilikuwa jepesi. Kurudi tulikuwa na mama, binti anayemtunza, mkungu wa ndizi, kuku, na gunia la mahindi ambalo mama alikataa katakata kuliacha, maana ni aibu kwake kuwafikia wajukuu kutoka shamba mikono mitupu.

Kwenye kalvati ya pili mume wangu alipunguza mwendo hadi wa kutembea. Tairi za mbele zilipanda na kushuka salama. Nyuma ikabonyea, pua ikainuka, kisha gari lilipomaliza kubonyea likarudi mbele kwa kishindo na bati likalia juu ya jiwe. Hatua chache mbele taa nyekundu ya oili ikawaka. Mume wangu alizima injini papo hapo, na uamuzi ule ndio uliookoa injini, kwani injini ikizunguka bila oili haimalizi dakika nyingi. Tulishuka. Nyuma yetu, kutoka kalvati hadi tuliposimama, kulikuwa na mstari mweusi juu ya udongo mwekundu, na chini ya injini oili ilikuwa inachuruzika kwenye pembe ya sampu iliyopasuka, ikikusanya vumbi pembeni mwake.

Mama mkwe alitandikiwa kanga chini ya mwembe. Hakulalamika. Alilitazama gari kwa lile jicho lake moja lililokuwa zima, akaniuliza, "Mwanangu, gari hili mmelikata miguu?"

Shemeji alisogea, akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo mama. Ni mimi niliyelikata."

"Marahaba. Basi utanifikisha wewe."

Akaondoka mbio hadi barabarani, akarudi na Noah iliyokuwa inaelekea Korogwe, akambeba mama mwenyewe hadi kiti cha mbele. Mama alitibiwa, jicho likapona. Allion ilirudi Handeni ikivutwa kwa kamba, nami nilikaa ndani yake na kuku.

Baada ya hapo tukaitisha baraza la pili, na safari hii tulimwita mtu mzima wa kazi: mzee mmoja mwenye gereji ndogo upande wa Vibaoni, aliyefundishwa ufundi enzi za malori ya mashamba ya mkonge. Alikataa kuzungumzia bei. Aliomba futi ya kupimia, Premio ya jirani, na madumu kumi yaliyojaa maji.

Premio na Allion ni ndugu wa tumbo moja, mpangilio wa chini ni uleule, na ile ya jirani ilikuwa na springi zake za asili. Mzee alipima kutoka sampu hadi ardhini magari yakiwa matupu. Premio ilisoma sentimita 15. Allion yetu ilisoma 10. Kisha akatuamuru tuingie watu wanne, na madumu yote kumi yapangwe kwenye buti. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, kwa hiyo hapo pana kilo 200 kabla ya kuhesabu watu. Tukahama na mizigo yetu kutoka gari moja hadi jingine, maji yakimwagika, watoto wa mtaa wakihesabu madumu kwa sauti. Premio ilishuka mbele kidogo, nyuma ikakaa sana, lakini bado ulibaki upenyo wa kupitisha ngumi kati ya tairi na madigadi. Ya kwetu nyuma iligusa raba ya mwisho ya shokapu na kusimama hapo. Mzee alibonyeza buti kwa mikono miwili, halikushuka hata kidogo.

"Mnaona?" akasema. "Gari hili halina tena springi. Linakwenda kwa raba."

Kisha akatueleza, na maelezo yake ndiyo ninayotaka kila nyumba iyasikie. Springi hufanya kazi kwa safari yake, yaani ile nafasi iliyobaki kati ya pale gari linapotulia na pale raba ya kuzuia inapogusa. Ukilishusha gari umekula sehemu ya safari hiyo kabla hujaondoka nyumbani. Abiria wanakula sehemu nyingine, mzigo sehemu nyingine, na shimo linalokuja halikuti kitu. Ndipo pigo linapokwenda moja kwa moja kwenye bodi, kwenye bushi, kwenye tairodi na kwenye migongo ya watu.

Kuhusu kukata, alichukua springi yetu na kuhesabu duru. Springi huwa ngumu kadiri duru zake zinavyopungua. Yenye duru sita zinazofanya kazi ukiikata moja na nusu inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, lakini ugumu huo haukupangwa na mtu yeyote, na shokapu iliyofungwa nayo haikutengenezwa kuumudu. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, na gari likiinuliwa kwa jeki springi inacheza. Alituonyesha: aliliinua gurudumu, akaizungusha springi kwa vidole viwili. Wapo pia wanaoichoma kwa gesi ili ilegee na kujikunja, naye alituonya tusimruhusu mtu kufanya hivyo kamwe, kwa sababu chuma cha springi kina ugumu kiliotiwa kwa moto wa kipimo maalumu, na moto wa gereji unauharibu. Springi hiyo itaendelea kushuka, na siku moja itakatika.

Matairi nayo yalikuwa na sababu. Gari likishuka, magurudumu ya mbele huinama juu yakielekea ndani, na uelekeo wake nao hubadilika, hivyo ni lazima kupima alaimenti upya. Shemeji hakupima. Nyuma ya Allion ya kuvuta mbele kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, na pembe zake hazirekebishiki kama za mbele. Rimu kubwa ziliongeza shida. Tairi letu la asili, 195/65 la inchi 15, lina ukuta wa mpira karibu sentimita 13. Lile la kuazima, 215/45 la inchi 17, lina chini ya sentimita 10. Sentimita tatu za mpira zilizokuwa zinameza mawe ya Kilindi zilikuwa zimeondoka.

Shemeji alisikiliza yote, akauliza swali la maana: mbona huko Japani wanashusha na wanaishi nayo? Mzee akamjibu kwamba Japani wana ukaguzi wa lazima wa magari, na kipimo chao cha chini ni sentimita 9 kutoka ardhini, gari likiwa tupu. "Hili lenu lina 10. Kwa kimo peke yake lingepita ukaguzi wa Japani. Kalvati ya Sindeni haikagui gari tupu."

Tangu hapo mjadala haukuwa tena wa nani mshamba na nani mtoto wa mjini. Tulikuwa na kipimo. Tulikubaliana kwamba gari, likiwa na watu wanne na madumu kumi, lisipungue sentimita 12 chini ya sampu, na nyuma libaki na safari. Kila pendekezo lililofuata tuliliweka mbele ya kipimo hicho.

Spesa za mume wangu ziliangaliwa kwa haki. Zingetupa nafasi chini, ila mzee alisema spesa huinua bodi bila kuongeza safari ya springi, huweka shafti na sivi jointi kwenye pembe kali zaidi, na gari lililo juu hulala zaidi kwenye kona, ugonjwa uleule uliotuleta. Kwa anayeishi porini kila siku zinafaa, zikiwa fupi na zikifungwa vizuri. Kwa sisi ambao sehemu kubwa ya mwendo wetu ni lami ya Korogwe na Mkata, shokapu nzima zingetosha.

Koilova, zile shokapu zenye nyuzi za kupandisha na kushusha kwa spana, shemeji alizitamani sana. Uzuri wake ni kwamba unachagua kimo mwenyewe. Lakini nyuzi hizo zinataka kusafishwa na kupakwa mafuta, na vumbi la Handeni na matope ya masika huzishika mpaka hazizunguki tena. Nyingi pia ni ngumu kwa mgongo wa mtu mzima. Springi za upepo, zenye kompresa na mipira, zinashuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe, lakini ukipasukiwa na mpira njiani kuelekea Kibirashi, fundi wake yuko Dar es Salaam. Zote mbili zikawekwa kando.

Zilibaki springi fupi za kiwandani, zile zilizokusudiwa kwa gari la aina hiyo, zenye chuma na duru zilizopangwa. Ubora wake ni kwamba zikishusha gari kidogo huwa ngumu kidogo pia, hivyo mzigo ukiingia hazikai sana, na tofauti na springi za kawaida inapungua kadiri unavyopakia. Lakini mzee aliongeza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Allion tupu pengo lake kubwa ni la mbele, na nyuma ndiko mzigo wa nyumba unakokaa. Basi mbele tufunge springi fupi za sentimita mbili tu, na nyuma tufunge springi nyingine za kimo cha asili. Gari tupu litakaa sawa, shemeji afurahie. Likipakiwa, nyuma itakuwa na miguu yake yote, mama asafiri. Na chini ya injini tupige bati nene la kukinga sampu.

Springi zilitafutwa Dar es Salaam kwenye spea za mtumba za Ilala, zikaja kwa basi. Shemeji alizilipia kwa fedha zake za kupiga picha harusini, na hakuna aliyemlazimisha. Siku ya kufunga, mzee alizipanga springi nne kwenye gunia, akazipima urefu moja moja, akazisugua kwa brashi ya waya akitafuta ufa. Mbili za mbele zilifungwa na raba mpya. Rimu za inchi 15 zikarudi, shemeji akazipaka rangi ya kijivu kilichoiva. Madumu kumi yakaletwa tena bila mtu kuambiwa, na watu wanne tukaingia. Futi ilisoma sentimita 12 na nusu chini ya bati la kinga. Tukashangilia, na maji yakaenda kumwagiliwa mchicha.

Kesho yake tulipeleka gari kupima alaimenti na kurekebisha taa. Hili la taa watu wengi hulisahau, na linaua. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama barabarani, na trafiki akikuta tairi limeisha upande wa ndani hatakuuliza lilikupendeza kiasi gani. Bima nayo ni mkataba wa ukweli: ukibadilisha gari, liambie shirika lako kabla ya ajali, usisubiri walione wenyewe baada ya ajali.

Leo kwenye kona za Korogwe gari linakaa barabarani na watoto hawaangukiani. Mume wangu anakwenda Kilindi nalo, akiwa na subira zaidi kwenye makorongo. Shemeji bado hulipiga picha jua linapozama, na vijana wenzake humwuliza limeshushwa na nani.

Ninayaandika haya kwa ajili ya nyumba nyingine zenye gari moja. Usimkejeli kijana wako anayetaka gari lipendeze, kwa sababu mapenzi yake ndiyo yatakayolitunza. Mkalishe chini, mchukue futi, mpakie gari kwa mzigo mzito kuliko yote mnaobeba kwa mwaka, na mlipeleke kwenye barabara mbaya kuliko zote mnazopita. Kinachobaki chini ya sampu hapo ndicho mnachoweza kugawana. Kama hakuna, msishushe. Kama zipo sentimita mbili, mpeni hizo mbili, kwa springi zilizotengenezwa kwa gari hilo na shokapu zinazolingana nazo. Na grainda isikaribie springi. Ukishaikata hairudi, na atakayelipa si yule aliyeikata peke yake, ni kila mtu anayelitegemea gari hilo.